Ngome Isiyo na Kuta: Fumo Liyongo, Chandrakanta na Magofu ya Mlango wa Mto Tana

Utangulizi

Watu wenye hadithi kubwa hutaka kuonyeshwa mahali ilipotukia. Msomaji akishafunga kitabu hupenda auone mlango aliopitia shujaa, gereza alimofungwa na kaburi alimolazwa. Haja hiyo ni ya kibinadamu, wala si kosa. Lakini kwa mhakiki huzusha swali: je, mahali ndipo panapoifafanua matini, au matini ndiyo inayopatia mahali maana? Swali hili si la nadharia tupu katika nchi ya Mto Tana ya chini, kuanzia Garsen hadi Kipini, ambako jina la Fumo Liyongo limeshikamana na magofu ya Shaka na Ungwana na kaburi linalotajwa kuwa lake katika upande wa Kipini na Ozi.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba Utendi wa Fumo Liyongo, tofauti na hadithi nyingi za mashujaa wa kifalme, hauna ngome ya mawe, na kwamba upungufu huo ndio msingi wa maana yake. Ili jambo hili lidhihirike, utendi huo utawekwa kando ya kazi ya mbali iliyojengwa juu ya ngome, nayo ni riwaya ya Kihindi iitwayo Chandrakanta. Ulinganishi huu haudai kwamba kazi moja iliathiri nyingine. Unatumiwa kama kioo tu, ili sura ya utendi ionekane vizuri zaidi.

Chunar: riwaya yenye ngome

Chandrakanta ilichapishwa mwaka 1888. Mtungaji wake, Devaki Nandan Khatri (1861–1913), aliwahi kufanya kazi ya kandarasi za misitu katika sehemu za Chakia na Naugarh, karibu na Banaras, na huko akayazoea magofu na ngome kongwe zilizozungukwa na pori. Hadithi yake ni ya mapenzi ya Virendra Singh, mwana wa mfalme wa Naugarh, na Chandrakanta, binti mfalme wa Vijaygarh. Hasimu wao, Krur Singh, anakimbilia kwa Shivdutt, mfalme wa Chunargarh, kutafuta msaada. Hivyo basi ngome ya Chunar, ambayo kweli ipo juu ya mwamba kando ya Mto Ganges na ambayo iliwahi kushikwa na Sher Shah, kisha Akbar, na hatimaye Waingereza, inakuwa kitovu cha hila na maajabu. Riwaya hiyo ilipendwa sana, hata ikasemwa kwamba wako watu wengi waliojifunza kusoma Kihindi kwa ajili yake.

Mambo mawili ndiyo yanayoiendesha hadithi ya Khatri, na majina yake hayapaswi kumpita mwanafunzi wa Kiswahili. La kwanza ni tilism, yaani mahali palipozindikwa na watu wa kale, penye vyumba vya siri na milango isiyofunguka ila kwa mtu aliyeandikiwa kuifungua. La pili ni aiyar, yaani mpelelezi hodari wa kujigeuza sura, kulewesha adui na kupenya mahali palipofungwa. Maneno hayo mawili yana asili ya Kiarabu, nayo yamo katika Kiswahili pia: talasimu na ayari. Lakini njia zake zimeachana. Talasimu ya Kiswahili imebaki kuwa hirizi au zindiko dogo la mwilini, ilhali tilism ya Kihindi imekua ikawa jengo zima. Ayari wa Kiswahili ni laghai anayepaswa kuepukwa. Aiyar wa Khatri ni mtumishi wa heshima mwenye kanuni za kazi yake. Tofauti hii ya maana itarejewa baadaye, kwani inagusa kiini cha utendi.

Mwaka 1994 Doordarshan, shirika la televisheni la serikali ya India, lilianza kuonyesha mchezo wa Chandrakanta uliotengenezwa na Nirja Guleri. Mchezo huo uliiacha njia ya riwaya mahali pengi, ukaongeza visa na wahusika, na Krur Singh akawa mmoja wa wahusika waliokumbukwa kuliko hata wapenzi wenyewe. Matoleo mengine yakafuata mwaka 2011, na mawili mwaka 2017. Katika badiliko hilo lote ngome haikupotea. Visa vinaweza kubadilishwa na wahusika wakaongezwa, lakini mradi kuna kuta, mlango wa siri na hazina, mtazamaji hutambua kuwa yumo katika ulimwengu wa Chandrakanta. Ngome ndiyo inayoihifadhi hadithi isisambaratike.

Magofu ya Tana

Liyongo naye ana magofu yake. Barabara itokayo Garsen kwenda Lamu hupita Witu, na njia nyingine huteremka hadi Kipini, pale Ozi unapoingia baharini. Katika mwambao wa karibu na hapo yapo mabaki ya miji ya kale, maarufu miongoni mwake yakiwa Shaka na Ungwana. James Kirkman alichimbua Ungwana katika miaka ya 1950, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1966. Kazi kama hiyo hueleza umri wa msikiti, mpango wa nyumba na asili ya vyombo vilivyoletwa kwa jahazi. Haiwezi kueleza ni nani aliyevuta upinde.

Hata majina yenyewe yanahitaji hadhari. Masimulizi ya nathari aliyoyachapisha Edward Steere mwaka 1870 yanataja Shanga, ambapo mapokeo mengine yanamweka Liyongo Shaka. Shanga ni mji wa kale ulioko katika kisiwa cha Pate, ambao Mark Horton aliuchimbua katika miaka ya 1980. Shaka iko bara. Mhakiki asiyetenganisha majina haya mawili huvusha shujaa bahari bila kujua, akageuza ugomvi wa kisiwa na bara kuwa ugomvi wa mtaa na mtaa. Tarehe nazo hazina mwafaka: wako wataalamu wanaomrudisha Liyongo nyuma ya karne ya 13, na wako wanaomsogeza mbele kwa karne kadhaa. Kwa hiyo anayetaka kuusoma utendi kwa kuyategemea magofu hujenga nyumba juu ya mchanga.

Lakini sababu kubwa ya kutoyategemea magofu haimo katika akiolojia. Imo katika utendi wenyewe. Nakala inayojulikana zaidi ni ya Muhamadi bin Abubakari Kijumwa wa Lamu, yenye beti 232, ambayo huhusishwa na mwaka 1913, mwaka ule ule aliofariki Khatri. Katika beti hizo Liyongo haonekani akijenga boma wala akijifungia ndani ya kuta. Jengo pekee lenye uzito katika kisa ni gereza, na hilo ni mali ya mfalme wa Pate. Kuta zimo mkononi mwa adui. Shujaa huonekana njiani, msituni, chini ya mti na kando ya kisima.

Mwili kama ngome

Kama hakuna ngome, ni nini kinachochukua nafasi yake? Jibu ni mwili wa Liyongo. Kijumwa anatumia ubeti baada ya ubeti kuujenga mwili huo kama watu wengine wajengavyo mji. Liyongo anakwenda kwa siku moja safari ya siku nne. Anapuliza panda hata inapasuka. Ndani ya mkoba wake mna kinu, mchi, mawe ya kusagia, vyungu na mafiga, yaani nyumba nzima imo begani. Wageni waliokuja Pate, ambao utendi unawaita Wagala, wanaingiwa na hofu wanapomwona, kisha wanatamani mbegu yake, naye anaozwa mwanamke wa kwao.

Ngome hii ya mwili ina mlango mmoja wa siri. Hakuna silaha itakayomuua Liyongo isipokuwa sindano ya shaba ikidungwa kitovuni. Hapa tilism ya Khatri na talasimu ya Waswahili zinakutana na kuachana. Kwa Khatri, siri ya tilism imehifadhiwa katika jengo, nayo hufunguliwa na mteule kwa faida yake. Akiifungua hupata hazina na mchumba. Katika utendi, siri imo mwilini, nayo hufunguliwa na mwana kwa hasara ya baba, na hakuna hazina ndani yake. Kijana aliyeahidiwa makubwa na mfalme hakufaidi alichoahidiwa. Wala haikuwa bahati tu kwamba mlango huo ni kitovu. Kitovu ni alama ya mtu kuwa alizaliwa na mama, na ni mama huyo huyo aliyeuchukua mzigo wa kumwokoa mwanawe hapo kabla. Yako masimulizi ambamo muuaji ni mpwa badala ya mwana, na wahakiki kadhaa wameona ndani ya kisa hiki mgogoro wa urithi wa kuukeni na wa kuumeni. Tafsiri hiyo inapata nguvu zaidi tukio la kitovu likisomwa sawasawa: ngome ya Liyongo inavunjwa pale pale nasaba ilipofungwa.

Suala la ayari nalo linajibiwa hapa. Katika Chandrakanta hila ni kazi ya wataalamu, na kila mfalme ana wake. Katika utendi hila ni silaha ya walio chini. Saada, kijakazi, anapeleka chakula gerezani siku baada ya siku, na walinzi wanakula kizuri. Liyongo anamtuma kwa wimbo, na mama anaoka mkate wa wishwa wenye tupa ndani yake, ambao walinzi wanaudharau. Kisha linaombwa gungu kama haja ya mwisho ya mfungwa, na kelele za ngoma zinaufunika mlio wa tupa kwenye minyororo. Fasihi ndani ya fasihi ndiyo inayofungua gereza: wimbo unapeleka ujumbe na ngoma inauficha. Ayari wa utendi huu ni mjakazi, mama, mpigaji ngoma na mshairi kwa pamoja. Kiswahili, kilichoacha neno ayari lianguke hadi likawa tusi, kimeihifadhi heshima ya ayari katika kisa bila kulitumia jina lake.

Haikosi maana pia kwamba toleo la utendi huu lililotolewa na Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili, Dar es Salaam, mwaka 1973, lilihaririwa na Abdilatif Abdalla, ambaye mwenyewe alikuwa amefungwa Kenya kutoka 1969 hadi 1972, na ambaye Sauti ya Dhiki yake ilitoka mwaka huo huo wa 1973. Mapokeo ya wimbo unaotoka gerezani hayakuwa ya kale tu.

Bara, msitu na majirani

Mwili peke yake hautoshi kumlinda shujaa. Anapokimbia Pate, Liyongo anakwenda bara, msituni, kwa Wasanye na Wadahalo. Mfalme anawafuata huko kwa ahadi ya fedha, nao wanabuni kikoa: kila siku mmoja atapanda mkoma kuangusha makoma, na zamu ya Liyongo itakapofika atapigwa mishale akiwa juu. Liyongo hapandi. Anaziangusha koma kwa mishale akiwa amesimama chini.

Kisa hiki hakiwezi kuhamishwa mahali pengine kikabaki kizima. Mkoma ni mti wa nchi hii ya Tana, nao hauna matawi mengi ya kujificha. Apandaye huonekana kutoka chini. Kikoa ni desturi ya kuaminiana, na ndiyo maana usaliti unaofanywa ndani yake ni mzito. Kwa hiyo mti na desturi vinafanya kazi ambayo katika riwaya ya Khatri ingefanywa na chumba chenye mlango wa kunasa.

Hapa ndipo historia ya karibu inapomsaidia msomaji kuliko magofu ya mbali. Kijumwa alizaliwa yapata mwaka 1855. Katika uhai wake Sultani Ahmed, aliyejulikana kwa jina la Simba, wa ukoo wa Nabahani wa Pate, alikuwa amekimbilia bara na kuweka makao Witu, mahali palipozungukwa na msitu na palipopokea watoro wengi. Wajerumani waliuchukua usultani huo chini ya himaya yao mwaka 1885, wakauachia Uingereza mwaka 1890, na Oktoba mwaka huo huo jeshi la Uingereza likauchoma mji wa Witu. Mtu wa Lamu aliyeandika baada ya hapo juu ya mwana wa kifalme aliyeikimbia Pate akaingia msituni hakuwa anasimulia ajabu ya zamani tu. Hadhira yake ilikwisha kuona jambo hilo kwa macho. Si lazima kudai kwamba Kijumwa alikusudia fumbo la Witu; yatosha kutambua kwamba wasikilizaji wake walijua msitu ule ni kimbilio la namna gani, na kwamba kimbilio hilo hununulika.

Hata hivyo utendi una upungufu wake, na mapenzi kwa kazi ya kale yasimzuie mhakiki kuutaja. Unalitazama bara kwa jicho la mjini. Watu wa msitu wanapewa sauti pale tu wanapokubali kununuliwa. Wageni wafugaji wanaitwa kwa jina ambalo Waorma na ndugu zao leo hawalikubali, nalo halifai kurudiwa darasani bila maelezo. Wapokomo, wakulima wa kingo za mto, ambao nao wana masimulizi yao juu ya Liyongo, hawana nafasi katika usimulizi wa Kijumwa. Utendi unawahitaji watu wa bara ili kisa kiende mbele, lakini hauwapi haki ya kukisimulia.

Kisima

Tukio la mwisho ndilo linalobeba uzito wa kazi nzima. Baada ya kudungwa, Liyongo anatwaa upinde, anakwenda hadi kisimani, anapiga goti na kutia mshale. Hapo anakufa. Watu wanamwona kwa mbali, wanadhani yu hai, na hakuna anayethubutu kwenda kuteka maji. Mji mzima unashikwa na kiu. Wakubwa wanamwendea mama yake wamsihi amtulize mwanawe. Siku zinapita hata mwili unapoanguka, na ndipo inapojulikana kwamba waliyemwogopa alikuwa maiti.

Khatri anaihitimisha riwaya yake kwa kufungua: tilism inavunjwa na wapenzi wanaungana. Kijumwa anafika mwisho wa shujaa wake kwa kufunga, na kinachofungwa ni maji. Utendi umethibitisha kwamba mfalme mwenye kuta, gereza na fedha anaweza kushindwa na mtu mmoja aliyesimama kati ya mji na kisima chake. Mamlaka ya Pate yamo katika majengo. Mamlaka ya Liyongo yamo katika kitu ambacho hakuna mji unaoweza kuishi bila ya hicho.

Msomaji wa Garsen hahitaji kufundishwa maana ya jambo hilo. Baina ya Agosti 2012 na Januari 2013, watu zaidi ya 100 waliuawa katika Tana ya chini katika mapigano ya Wapokomo na Waorma, ambamo ardhi, malisho na njia za kufikia maji vilikuwa miongoni mwa sababu, pamoja na siasa za uchaguzi. Katika mwaka huo huo wa 2012 delta hiyo, yenye hekta 163,600, iliandikishwa kuwa ardhioevu ya umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Mabwawa ya juu, kama vile Masinga lililokamilika mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988, yamebadili mafuriko yaliyokuwa yakirutubisha mashamba, na upande wa Ozi maji ya chumvi yamewasumbua wakulima wa mpunga. Maiti iliyopiga goti kisimani si pambo la kale mbele ya hadhira kama hiyo. Ni picha ya hofu inayozuia watu kuteka maji hata baada ya sababu yake kufa.

Hitimisho

Utendi huu umekuwa na maisha mengi. Umetoka kinywani ukaingia katika hati za Kijumwa, Alice Werner akauchapishia uchunguzi katika miaka ya 1920, Lyndon Harries akautia katika mkusanyo wake wa mwaka 1962, M. M. Mulokozi akauhariri tena katika Tenzi Tatu za Kale mwaka 1999. Na nyimbo zinazonasibishwa na Liyongo zikakusanywa katika kitabu kimoja mwaka 2004. Umeingia pia katika tamthilia, ukiwamo mchezo wa Emmanuel Mbogo, na katika vitabu vya shule. Kila uhamisho una haki ya kubadili, kama Chandrakanta ilivyobadilishwa na televisheni. Swali ni kitu gani kisichoweza kuondolewa.

Katika kazi ya Khatri kitu hicho ni ngome, na ndiyo maana Chunar imesalimika na kila badiliko. Katika utendi wa Liyongo ni mkoma, msitu, ngoma na kisima. Muhtasari wa darasani unaobakiza nguvu, gereza na sindano peke yake umemgeuza Liyongo kuwa jitu lisilo na nchi. Atakayemjengea kasri mbele ya kamera atakuwa amempa silaha za adui yake. Na atakayeyafanya magofu ya Shaka na Ungwana kuwa ndiyo hadithi atawaacha nje wale wale ambao utendi tayari umewapunja: Mdahalo, Msanye, Mpokomo na Muorma.

Magofu hayo yastahili kuhifadhiwa kwa thamani yake yenyewe, na masimulizi ya majirani wote wa mto yastahili kukusanywa kwa lugha zao na kuwekwa kando ya beti za Kijumwa, si kama maelezo ya chini bali kama matini zilizo sawa nazo. Kazi hiyo ni ya idara za lugha kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote. Bila ya hiyo, usomaji wa utendi huu utaendelea kuanzia Pate na kuishia Lamu, na mto utabaki kuwa njia tu aliyoipita shujaa.